Mwiko wa Dawa: Maziwa, Rubisi na Tiba katika Historia ya Karagwe

Neno mwiko lina maana mbili zinazojulikana na kila mtu. Kwanza ni kile chombo cha mti cha kusongea ugali na kupakulia chakula. Pili ni katazo, yaani jambo asilolitenda mtu au kitu asichokila. Wajuzi wa lugha na wabishane kama hayo ni maneno mawili yaliyokutana njiani au ni neno moja lililotoa matawi. Sisi twapenda kukumbusha maana ya tatu, ambayo imo katika kamusi za zamani lakini siku hizi haisikiki sana: mwiko ni masharti ya chakula na kinywaji anayopewa mgonjwa pamoja na dawa yake. Mgonjwa alipewa dawa, akashika mwiko mpaka siku za dawa zikatimia, kisha akafunguliwa na kula kama wenzake. Dawa bila mwiko haikuhesabiwa kuwa dawa kamili.

Maana hii ya tatu ndiyo tunayotaka kuifuatia katika historia ya sehemu moja ya nchi yetu, nayo ni Karagwe. Nchi hii ya vilima na migomba, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika katika wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, ina habari za chakula na dawa zilizoandikwa tangu mwaka 1861, kabla bendera ya Wajerumani haijafika. Tena, mtu akisimama leo Bugene, jirani na Kayanga yalipo makao makuu ya wilaya ya Karagwe, ataviona vyakula na vinywaji vilevile vya zamani: ndizi, maharage, maziwa, kahawa na rubisi. Kilichobadilika zaidi ni dawa.

Tarehe 25 Novemba, 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanika. Walikuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Rumanika aliwapokea kwa ukarimu ambao wenyewe waliusifu katika vitabu vyao, lakini jambo moja liliwaudhi. Tangu waingie Karagwe, nchi iliyojaa ng'ombe, hawakupata hata tone la maziwa, kwa urafiki wala kwa malipo. Walikuwa wamesikia kwamba wafugaji wa Kihima hawampi maziwa mtu aliyekula nyama ya nguruwe, samaki, kuku au maharage, kwani mtu huyo akiyaonja maziwa atawaangamiza ng'ombe. Speke alimwuliza mfalme habari hiyo, akaongeza kwamba alitumaini mfalme mwenyewe hauamini upuuzi wa namna hiyo. Rumanika akajibu kwamba wanaoamini hivyo ni watu maskini tu, na kwa kuwa sasa ameiona haja ya wageni wake, atawatengea ng'ombe mmoja kwa matumizi yao.

Tunamwomba msomaji asilipite jibu hilo upesi. Speke alilichukua kuwa ni dalili ya mfalme aliyeelimika kuliko raia zake. Sisi twaona pia hekima ya mtawala. Rumanika hakuwaamuru wafugaji wake wauvunje mwiko. Alitenga ng'ombe mmoja, akawaacha wengine salama. Kama kulikuwa na madhara, basi madhara hayo yangeishia kwa ng'ombe huyo; na kama hayakuwapo, mgeni amekunywa maziwa na ng'ombe wote wazima. Mfalme alimridhisha mgeni bila kuwatia raia hofu.

Mwiko huo ulimlinda ng'ombe, haukumlinda mnywaji. Kwa hiyo hatuwezi kudai, kama wanavyofanya baadhi ya waandishi wetu kwa kupenda mno mambo ya kale, kwamba wazee wa Karagwe waliijua sayansi ya dawa kabla ya Wazungu. Hawakuijua kwa namna hiyo. Lakini walikuwa na wazo moja ambalo ni msingi wa jambo lenyewe: kwamba vitu viwili, kila kimoja chema kwa nafsi yake, vyaweza kudhuru vikikutana ndani ya mwili mmoja. Maziwa ni mema, na maharage ni mema. Swali ni kukutana kwake.

Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Grant alishikwa na ugonjwa wa mguu. Mguu wa kulia ulivimba kuanzia juu ya goti, ukatunga usaha, goti likapinda na kukakamaa, wala hakuweza kutembea. Speke alipoondoka kwenda Buganda tarehe 10 Januari, 1862, Grant alibaki kwa Rumanika, na hakuweza kuondoka mpaka katikati ya Aprili, tena kwa kubebwa. Katika miezi hiyo alitibiwa na watu wa pale. Kwanza alibandikwa mguuni mchanganyiko wa moto wa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Anasema haukumfaa kitu, ulimbana tu kama bandeji. Kisha Nnanaji, ndugu yake mfalme aliyekuwa mashuhuri kwa uganga, akampelekea mtabibu wa Kinyambo pamoja na mkewe. Grant anamsifu mtabibu huyo kwa mkono wake mwepesi kama wa mwanamke. Aliuchunguza mguu, akamchanja, akawatoa nje watazamaji wote. Ndipo mkewe akafungua kipande cha jani la mgomba kilichofungwa dawa nyeusi ya kupaka, ikatiwa mate na kusuguliwa katika chanjo.

Habari hii ni ya thamani kubwa kwetu, kwa maana ni moja ya habari za kale kabisa zilizoandikwa juu ya tiba ya Kinyambo, na yaonyesha wazi kwamba mke wa mganga hakuwa mtazamaji bali mshiriki na mtunza dawa. Lakini ina pengo. Mgeni aliandika dawa ilivyoonekana, rangi yake na jani lililoifunga. Maneno waliyoyasema wale wawili walipokuwa wakiipaka hayamo. Ndivyo ilivyokuwa katika maandishi mengi ya wasafiri: dawa iliandikwa, mwiko haukuandikwa.

Wala wageni wenyewe hawakuwa bila miiko yao. Alipokuwa Buganda mwaka 1862, Speke aliitwa na Namasole, mama yake Kabaka Mutesa, aliyelalamika kwamba ni mgonjwa. Speke alimtazama ulimi, akamshika mshipa wa mkono, akampa vidonge viwili vya kumeza usiku. Kwanza wakungu wa baraza walionja unga wa vidonge hivyo wahakikishe kwamba hamna hila. Kisha Speke akampa malkia masharti: apunguze pombe na chakula mpaka watakapoonana tena. Tukilitazama tukio hilo kwa makini twaona kwamba pande zote mbili zilielewana kabisa juu ya jambo hili. Mzungu alitoa dawa akataja mwiko wake, na Waganda hawakumshangaa kwa hilo. Walichoshuku ni kidonge.

Katika nchi hizi za magharibi ya ziwa Nyanza, mtu alizaliwa ndani ya miiko ya chakula. Kila ukoo ulikuwa na omuziro wake, mnyama au chakula ambacho watu wa ukoo huo hawakigusi. Wahinda, ukoo wa watawala, mzio wao ulikuwa tumbili. Wanafunzi watalitambua mara moja neno la Kiswahili mzio, ambalo siku hizi hospitalini hutumika kwa hali ya mwili kukikataa chakula au dawa fulani. Maneno hayo ni ndugu wa damu. Tabibu anapomwuliza mgonjwa wa Kinyambo, "Una mzio wa dawa yoyote?", anatumia neno ambalo bibi yake mgonjwa angelielewa, ingawa kwa maana nyingine.

Haifai kuyapamba mambo haya kupita kiasi. Miiko mingine ilikuwa ni dhuluma iliyovikwa vazi la mila. Katika sehemu nyingi za Kagera wanawake walikatazwa kula kuku, mayai na samaki. Waliokota na kuandaa senene, lakini wao wenyewe hawakuruhusiwa kuwala. Mama mjamzito aliyehitaji protini kuliko mtu yeyote nyumbani ndiye aliyenyimwa. Hakuna tiba yoyote katika katazo hilo. Ni wanaume kujiwekea mezani vitu vitamu. Kwa hiyo tunaposema kwamba mwiko ni sehemu ya utamaduni wetu wa tiba, hatusemi kila mwiko urudishwe. Tunasema kwamba watu wetu walizoea kuuliza swali, na mazoea ya kuuliza ni mali.

Mazoea hayo yalipotea wapi? Wajerumani walianzisha boma la Bukoba mwaka 1890, na aliyelianzisha, Emin Pasha, alikuwa daktari kwa elimu yake. Baada ya hapo dawa za viwandani zilizidi kufika kidogo kidogo, kwa njia ya serikali na ya misheni: kwinini, dawa za vidonda, baadaye sindano. Zilikuja kwa amri. Mtu alipanga mstari, akapewa, akameza mbele ya macho ya mtumishi. Waingereza nao walitunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Ilikusudiwa kwa wachawi, lakini bwana shauri hakuwa na jicho la kutofautisha mchawi na mganga wa mitishamba, na waganga wengi waliona heri kufanya kazi yao kimya. Hapo ndipo ilipoanza desturi ambayo mpaka leo inaua watu: mgonjwa kutumia tiba mbili kwa wakati mmoja na kuificha kila moja kwa mwenye nyingine. Hospitalini hakusema kwamba amekunywa majani, kwa kuwa angekaripiwa. Kwa mganga alisema, lakini mganga hakukijua kidonge.

Baada ya Uhuru Serikali ilieneza zahanati vijijini, na mwaka 1973 ikaendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Ni moja ya kampeni kubwa za elimu ya watu wazima zilizopata kufanyika barani Afrika, nasi twajivunia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1975, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Ya kwanza ilishughulika hasa na kinga ya maradhi, ya pili na lishe. Mahali chakula kinapokutana na dawa tumboni mwa mgonjwa palibaki katikati ya kampeni hizo mbili, bila mwenyewe. Hatuzilaumu, wakati ule vijijini tatizo kubwa lilikuwa kupata dawa yenyewe. Mwaka 1974 kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho baadaye kikawa taasisi kamili. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya Taifa kuitazama mitishamba kwa jicho la maabara badala ya jicho la polisi.

Kisha dawa zikaongezeka kwa haraka. Kagera ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zimekuwa zikitolewa bure. Klorokwini, iliyokuwa kama chumvi katika kila nyumba, iliondolewa mwaka 2001 kwa kuwa vijidudu vya malaria viliizoea, na mwaka 2006 ikaamuliwa kutumia dawa mseto. Hospitali binafsi zilizopigwa marufuku mwaka 1977 ziliruhusiwa tena mwaka 1991, na maduka ya dawa baridi yakafika mpaka kwenye magulio. Leo mtu mmoja wa Bugene aweza kuwa na dawa ya shinikizo la damu, dawa ya kifua kikuu na dawa ya maumivu ndani ya mfuko mmoja, na kikombe cha majani machungu kando yake.

Basi turudi kwenye maziwa, maana ndiyo yanayofundisha zaidi. Tetrasaiklini ni mojawapo ya vile vidonge ambavyo watu wengi huviita "rangi mbili". Ndani ya maziwa mna madini ya kalsiamu. Vitu hivyo viwili vikikutana tumboni hushikamana, vikawa kitu kimoja kisichoweza kupenya ukuta wa utumbo, na sehemu kubwa ya dawa hutoka mwilini bila kufanya kazi. Mgonjwa amemeza dawa yake yote, tena kwa maziwa ili apate nguvu, na ugonjwa haukupona. Atasema dawa ni bandia, au amerogwa. Lakini dawa mseto ya malaria iko kinyume kabisa. Kiungo chake kimoja, lumefantrini, karibu hakiingii mwilini kama tumbo ni tupu, kinahitaji mafuta. Majaribio yameonyesha kwamba kikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, huingia mpaka mara 16 zaidi ya kinapomezwa kwa njaa. Mtoto mwenye homa asiyetaka kula apewe hata maziwa kidogo pamoja nayo. Maziwa yaleyale ya ng'ombe yuleyule yanaipoteza dawa moja na kuikamilisha nyingine. Ndiyo sababu mwiko wa jumla, kama ule wa "kunywa dawa kwa maziwa" ambao baadhi ya wazazi huufuata, hautoshi. Kila dawa ina mwiko wake, kama kila ukoo ulivyokuwa na omuziro wake.

Rubisi ni habari nyingine. Pombe hii ya ndizi na mtama ni kinywaji cha heshima. Bila rubisi hakuna posa wala matanga, na mzee akikataa kibuyu atafikiriwa kuwa na chuki. Hapo ndipo ugumu ulipo. Anayetumia dawa za kifua kikuu hutakiwa kuzitumia kwa miezi sita, na isoniazidi iliyomo huchosha ini, kama pombe inavyolichosha. Anayetumia dawa za kifafa au za usingizi akinywa, huzidiwa na usingizi mpaka pumzi ikawa hatarini. Mwenye kisukari anayemeza dawa za kushusha sukari akinywa bila kula, sukari yaweza kushuka akazimia njiani, na wapita njia watasema amelewa. Hata parasetamoli, ambayo hakuna anayeiogopa, inaweza kuliharibu ini la mnywaji wa kila siku akizidisha kipimo. Kuhusu metronidazoli, ambayo wengi huiita Flagyl, maonyo ya kutochanganya na pombe yameandikwa kwa miaka mingi, na ingawa wachunguzi wa karibuni wamebishana juu ya uzito wa madhara yake, onyo halijafutwa. Miezi sita bila kibuyu ni muda mrefu kwa mtu anayeishi na wenzake. Lakini jamii iliyojua kumheshimu mtu aliyeshika mwiko wa mganga ingeweza kumheshimu pia aliyeshika mwiko wa zahanati, kama ingeambiwa kwamba upo.

Kahawa ya Karagwe hunywewa kidogo kuliko inavyotafunwa. Buni iliyochemshwa na kukaushwa hupewa mgeni kabla ya mazungumzo. Nayo ina yake. Siprofloksasini huchelewesha mwili kuiondoa kafeini, hivyo mtu aliyezoea kutafuna huona moyo ukimpiga na usingizi ukimpaa. Chai na kahawa huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Tumfikirie mama mjamzito aliyepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu. Anavimeza asubuhi kwa chai, na mchana anakula udongo wa kununua sokoni, kama wafanyavyo wajawazito wengi; udongo nao hushika madini hayo. Anajifungua akiwa na upungufu wa damu ilhali kadi yake inaonyesha kwamba alipewa vidonge kila mwezi. Kadi ni ya kweli, na damu haikuongezeka. Kwa mama huyo kutokwa na damu wakati wa kujifungua ni hatari ya kifo.

Hata ndizi, chakula chetu cha kila siku, haikosi neno. Ina madini ya potasiamu kwa wingi, na mtu mwenye figo dhaifu anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo la damu anapaswa kumwuliza tabibu wake kiasi gani ale. Watu wenye figo nzima wasiogope sahani yao kwa maneno haya.

Wenzetu wa nchi nyingine nao walijifunza kwa kuumia. Mwaka 1963 daktari Barry Blackwell wa London alionyesha kwamba wagonjwa waliotumia dawa fulani za huzuni walipatwa na shinikizo kali la damu baada ya kula jibini. Mwanzoni wakubwa wake hawakumwamini. Jibini ililiwa na Waingereza tangu zamani, itadhuruje? Baadaye huko Kanada ikagunduliwa, bila kutarajiwa, kwamba maji ya balungi huzidisha nguvu ya dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini. Waliyatumia katika jaribio ili kuficha ladha ya pombe.

Mitishamba ndiyo yenye uzito mkubwa kwetu, na ndiyo inayosemwa kidogo. Omubirizi, ule mti wa majani machungu unaoota karibu na nyumba nyingi za Kagera, hutumika kwa homa na kwa tumbo. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kwamba majani hayo yaweza kushusha sukari ya damu. Mwenye kisukari anayeyanywa pamoja na vidonge vyake huenda anajizidishia dozi bila kujua. Wako wanaocheka na kusema kwamba majani ni maji tu. Mwaka 2000 madaktari wa Zürich, Uswisi, waliandika habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa moyo huo kwa sababu walikuwa wametumia mmea mmoja wa Ulaya unaouzwa kwa kuondoa huzuni. Mmea ule uliliamsha ini likaivunja dawa yao upesi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya vivyo hivyo: hupunguza nguvu za vidonge vya kuzuia mimba, na anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya virusi vya UKIMWI hupewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Ikiwa jani la Ulaya laweza kuangusha moyo uliopandikizwa, ni kwa hoja gani tutadai kwamba jani la Karagwe halina nguvu? Kulidharau na kulificha ni kosa lilelile.

Taifa zima lililiona jambo hili mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu ya watu walipokwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mzizi wenyewe, mugariga, ulichunguzwa na kubishaniwa magazetini kwa miezi. Lakini zaidi ya kilichokuwamo kikombeni, wasiwasi mkubwa wa madaktari ulikuwa juu ya wagonjwa walioripotiwa kuacha dawa zao za virusi na za kisukari baada ya kunywa. Foleni ile ya magari ilikuwa na watu waliokuwa na swali moja, nini kifanyike na dawa ya hospitali baada ya kikombe, na wengi wao walijijibu wenyewe.

Sheria hazikosekani. Ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyowatoa waganga gizani. Ilikuwapo Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwaka 2019 kazi ya chakula ikahamishiwa Shirika la Viwango, na iliyobaki ikaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yana wauzaji waliopewa mafunzo. Twavipongeza vyombo hivyo, ila twaona kwamba tatizo liko pia mahali ambapo mshairi anaweza kuwa na la kusema kuliko mkaguzi, nalo ni lugha. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa, yenye maonyo yote tuliyoyataja, aghalabu imeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo kama chawa. Wataalamu wetu husema "mwingiliano wa dawa", na maneno hayo ni sahihi, lakini mkulima wa Bugene akiyasikia hafikirii chochote cha kutenda. Mwambie kwamba dawa hii ina mwiko, atauliza papo hapo: mwiko wake nini, na wa siku ngapi? Hayo ndiyo maswali mawili yanayotakiwa.

Walimu wa sekondari wanaweza kulianza jambo hili bila kungoja waraka. Somo la biolojia lina ini na utumbo, la kemia lina kalsiamu na chuma, la historia lina Rumanika na ng'ombe wake. Mwanafunzi na aulize nyumbani ni miiko gani bibi yake alipewa pamoja na dawa gani, aiandike, kisha darasa lipime upi ulimlinda mgonjwa, upi ulimlinda ng'ombe, na upi uliwanyima wanawake mayai.

Mgonjwa anapotoka dirishani siku hizi hubeba bahasha ndogo ya karatasi, imeandikwa kwa kalamu 1x3 au 2x2, na pengine "baada ya kula". Chini ya maandishi hayo hubaki nafasi ya vidole viwili. Panatosha kuandika "si kwa maziwa", au "si kwa chai", au "hakuna rubisi mpaka zimalizike".